Shajara ya mradi: kutoka Temeke hadi pindo la Edinburgh

10 Februari 2024

Leo baada ya mazoezi tulikaa kundi zima chini ya mwembe, na uamuzi ukapita bila mtu kupinga. Mwezi wa nane tunakwenda Edinburgh, Uskoti. Tuko saba: wanasarakasi watano, mchekeshaji mmoja, na mimi ninayeshika ratiba, hela na makaratasi. Mwalimu hasafiri, magoti hayamruhusu, lakini onyesho ni lake na neno la mwisho ni lake.

Shajara hii naifungua kwa ajili yetu na kwa ajili ya vikundi vingine vya hapa Dar. Sarakasi zetu zimezunguka dunia miaka mingi, ila mara nyingi kijana huchukuliwa na wakala, anasaini mkataba asioufahamu, anarudi na picha. Safari hii tunajipeleka wenyewe, na kila hatua nataka niiandike ingali ya moto.

Tamasha linaitwa Edinburgh Festival Fringe, na lilianzishwa na watu ambao hawakualikwa. Mwaka 1947, vita vimekwisha juzi tu, Edinburgh ilifungua tamasha kubwa la kimataifa la sanaa. Makundi 8 ya maigizo ambayo hayakuwa kwenye orodha yalifika hivyo hivyo, yakajitafutia kumbi, yakacheza. Moja lilicheza kwenye abasia (kanisa la kale la watawa) ya Dunfermline, mji mwingine kabisa. Mwaka uliofuata Robert Kemp, mwandishi wa tamthilia wa huko huko Uskoti, aliandika kuhusu mambo yanayotendeka pembeni mwa tamasha rasmi, akatumia neno ambalo sisi tungesema pindo, kama pindo la kanga. Jina likashika. Hadi leo hakuna kamati inayochagua nani aingie. Ukipata ukumbi na ukalipa ada ya kujisajili, umo. Mwaka 2019 yalisajiliwa maonyesho 3,841, na tiketi zilizotolewa zilipita milioni 3.

Nilipomaliza kueleza, mwalimu aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo hata sisi tukienda bila kualikwa, tunakuwa tumefuata desturi?" Nikamwambia ndiyo, mwalimu. Akasema, "Basi fanyeni mazoezi."

5 Machi

Tumekwama kwenye fomu, mahali ambapo sikutegemea. Kitabu cha tamasha kimegawanywa mafungu: maigizo fungu lake, vichekesho fungu lake, muziki, watoto, halafu dansi na sarakasi pamoja. Unachagua fungu moja. Onyesho letu lina kisa tangu mwanzo hadi mwisho, lina mchekeshaji ambaye hatoki jukwaani, na lina watu wanaoruka. Tuwe wapi?

Kwetu hilo halikuwahi kuwa swali. Aliyewahi kwenda kwenye maonyesho ya vikundi vya sanaa vya Muungano au TOT miaka ya 1990 anakumbuka: kiingilio kimoja, jioni moja, unapata ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, kwaya, na taarabu mpaka usiku mkubwa. Mchekeshaji akiingia, wanasarakasi wanavuta pumzi. Wanasarakasi wakiingia, mchekeshaji anajifanya naye anaweza. Mwalimu wetu alilelewa na mkondo huo. Aliyemfundisha alikuwa miongoni mwa vijana waliopelekwa China miaka ya 1960 kujifunza sarakasi, wakarudi kuunda kikundi cha taifa. Mafunzo yalitoka China, lakini mchekeshaji aliyesimama katikati ya piramidi alitoka Dar es Salaam.

Tumechagua fungu la dansi na sarakasi. Sababu ni ya kibiashara: anayetafuta vichekesho kule hutegemea mtu mmoja na kipaza sauti kwa Kiingereza, na mchekeshaji wetu hatasema Kiingereza. Hilo tumeshakubaliana.

Kitabu kinatupa maneno 40, jina la onyesho likiwemo. Nimeandika rasimu tisa. Ya kumi imesema tu kwamba kuna fundi, kuna nyumba isiyokwisha, na kuna vijana watano wanaofanya kazi ya ngazi.

22 Machi

Tumepata ukumbi, na umekuja na tatizo.

Hema za sarakasi zipo Edinburgh. Kwenye uwanja wa nyasi unaoitwa Meadows, kampuni ya Underbelly husimamisha hema mbili za sarakasi tupu tangu 2015. Ndiko kila mwanasarakasi anakotamani kucheza, na ndiko tusikomudu. Tulichomudu ni ukumbi wa kanisa, viti 90, sakafu ya mbao, saa nane kasoro robo mchana, dakika 50. Makubaliano ni asilimia: sisi 60, wao 40. Kabla yetu kuna igizo na baada yetu kuna mchekeshaji mwingine, na kati ya onyesho na onyesho ni dakika 15 za kutoa vitu na kuingiza vitu.

Tatizo ni dari. Walituma mchoro. Kutoka sakafuni hadi kwenye boriti ni mita 3.9, na taa zikishaning'inizwa inabaki mita 3.6. Piramidi yetu ya watu watatu, kila mmoja amesimama kwenye mabega ya mwenzake, inafika mita 4 na nusu. Ndiyo inayofunga onyesho letu. Ndiyo watu wanayolipia.

Nilimpelekea mwalimu mchoro ule nyumbani. Aliuangalia muda mrefu, akachukua penseli, akachora mtu wa chini, mtu wa kati, halafu mtu wa juu akamkunja mara mbili kama shuka. Akanirudishia bila neno.

14 Aprili

Leo nimecheka hadi nikakaa chini, na naandika haraka nisisahau namna ilivyotokea.

Wiki tatu sasa tunafanya mazoezi chini ya kamba. Tumeifunga toka mwembe hadi nguzo ya goli, mita 3.6 kamili, ili miili izoee dari ambayo haipo. Wawili wanapita chini yake. Mtu wa juu, ambaye ni dada mwepesi kuliko wote, akipanda hawezi kusimama. Anabaki ameketi kwenye mabega ya mtu wa kati, shingo imeinama, kamba imemkaa kisogoni. Kila siku tulikuwa tunalalamika hapo na kushuka.

Leo mchekeshaji alikuwa anazunguka na futi mfukoni, maana onyesho letu yeye ni fundi ujenzi. Alipomwona dada amekwama juu, akachomoa futi kwa utaratibu wa mtu anayelipwa kwa siku. Akapima goti la mtu wa chini. Akapima umbali wa kutoka goti hadi kwenye kamba, akaandika kwenye kiganja. Akarudi nyuma, akafumba jicho moja. Wale watatu bado wamebebana, mtu wa chini mishipa imemtoka shingoni. Kisha fundi akawatazama na kusema, kwa upole kabisa, "Bado."

Nani Dar es Salaam hamjui fundi huyo? Umempa hela ya saruji tangu Pasaka. Kila ukimpigia, bado kidogo.

Tukarudia mara sita. Kila safari anapima kitu kingine: kiatu, kivuli, urefu wa kikohozi. Tumegundua kichekesho hakiko kwenye neno peke yake. Kipo kwenye mapaja ya mtu wa chini. Yakianza kutetemeka kweli, neno "bado" linakuwa na uzito, na mtazamaji anacheka huku akimhurumia. Mtu wa chini akijifanya kutetemeka, hakuna anayecheka. Kwa hiyo aliyebeba ndiye anayechekesha, na aliyesema ndiye anayemsaidia. Mwalimu alipoona akasema ndivyo walivyofundishwa, ila hawakuwahi kuambiwa kwa maneno.

19 Mei

Makaratasi. Nayaandika kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayovunja vikundi moyo.

Viza: msanii anayekwenda Fringe hahitaji kibali cha kazi, kwa sababu tamasha limo kwenye orodha ya matamasha ambayo serikali ya Uingereza inaruhusu wasanii kuja kwa viza ya kawaida ya mgeni na hata kulipwa. Tulipoteza karibu mwezi mzima kabla ya kujua hilo, kwani mtu aliyejiita mshauri alitutoza fedha kwa kutushauri kinyume. Ada mwaka 2024 ilikuwa pauni 115 kwa kila mtu, kwa saba 805. Ambatanisha barua ya ukumbi, uthibitisho wa usajili, taarifa za benki, na kitu chochote kinachoonyesha kwamba unarudi nyumbani. Kijana wetu mmoja hakuwa na taarifa ya benki ya maana, tukaambatanisha mkataba wa hoteli ambako tunacheza kila Ijumaa.

Bima: lazima muwe na bima ya madhara kwa watazamaji. Ulizeni mapema.

Tathmini ya hatari: hii ilikuwa mpya kwetu. Unaandika kila tendo la onyesho, nini kinaweza kwenda mrama, nani ataumia, na mmefanya nini kuzuia. Mwanzoni niliiona kama mzigo. Baadaye nilikaa na mwalimu, mimi nikiuliza, yeye akijibu, na katika majibu yake nikasikia miaka thelathini ya watu kuanguka: kwa nini mtu wa kati hushuka upande wa kushoto, kwa nini hatuhesabu kwa sauti ya mtu wa juu, kwa nini siku ya mvua hatuvai soksi. Hayakuwahi kuandikwa popote. Sasa yameandikwa, kurasa 11, na nakala ya Kiswahili imebaki Temeke.

Moto umekataliwa. Limbo ya moto, yaani kupita kwa kujipinda chini ya ufito unaowaka, ndiyo ilikuwa itufungulie onyesho, lakini msimamizi wa ukumbi ameandika kwa adabu kwamba haiwezekani kabisa. Ndipo nikajifunza habari ya mwaka 1911. Mwezi wa tano mwaka huo mwanamazingaombwe mashuhuri, The Great Lafayette, alikuwa anacheza kwenye ukumbi wa Empire Palace mjini Edinburgh mbele ya watu wapatao 3,000. Taa ikawasha mapambo ya jukwaani. Pazia la usalama likateremshwa, bendi ikaendelea kupiga, watazamaji wote wakatoka salama. Nyuma ya pazia, yeye na wenzake kadhaa waliteketea. Alizikwa pamoja na mbwa wake Beauty, aliyekufa siku chache kabla. Zile hema mbili za Meadows zinaitwa Lafayette na Beauty. Nilipowasomea vijana habari hii hakuna aliyeomba tena moto. Limbo itakuwa ya mwanzi mkavu.

31 Julai, Edinburgh

Tumefika sote saba. Viza ya mwisho ilitoka siku tano kabla ya ndege.

Tumepewa malazi na familia ya Kitanzania inayoishi nje kidogo ya mji. Mama mwenye nyumba alitupokea mlangoni kwa shikamoo zetu saba kwa mpigo, akasema marahaba mara moja kwa wote, na maharage yalikuwa jikoni. Kesho yake alitufundisha mambo mawili: mabasi hayarudishi chenji, na saa tatu usiku jua bado halijazama kwa hiyo msilisubiri ndio mlale.

Baridi. Kiangazi chao ni Julai ya Njombe.

1 Agosti

Mazoezi ya taa na sauti, saa mbili tu tulizopewa. Fundi taa ni binti wa chuo, mwepesi, anasikiliza. Nilimwambia tunahitaji mwanga juu ya boriti kwa sababu boriti ni mhusika. Akaelewa papo hapo.

Dada alipanda, akakaa, akainama. Boriti halisi ni ngumu kuliko kamba. Akaigonga kwa vidole, ko ko ko, na bila kupanga akasema, "Hodi!" Fundi wetu chini, futi mkononi, akajibu, "Bado."

Binti wa taa akacheka kwa sauti. Hajui neno hata moja la Kiswahili. Tumeliweka.

2 Agosti

Siku ya kwanza. Watu 11.

Wawili kati yao ni wafanyakazi wa ukumbi. Vijana walicheza kama viti 90 vimejaa, na ninajivunia hilo kuliko chochote kilichotokea leo. Ila vicheko vilichelewa. Fundi aliharakisha, aliogopa ule ukimya. Usiku tulikaa naye jikoni, tukakubaliana kwamba kesho atahesabu pumzi tatu kabla ya kila "bado", hata kama ukumbi umenyamaza kama msiba.

6 Agosti

23, kisha 9, kisha 17, leo 30.

Asubuhi zote ni vipeperushi. Barabara ya Royal Mile hufungwa kwa magari, na mamia ya wasanii wanasimama pale kutoka saa tano, kila mmoja na karatasi zake. Ni kazi ngumu kuliko kuruka. Mpita njia ana sekunde mbili kwako. Tulianza kwa kusema "onyesho la sarakasi kutoka Tanzania" na watu walipita. Mama mmoja alisimama kuuliza kama tuna wanyama. Nilimweleza kwamba kwa Kiswahili sarakasi ni mwili wa mtu tu. Mtoto akijibinua uwanjani tunasema anapiga sarakasi, na simba hayumo. Alifurahi, akasema kwao tangu 2018 sheria ya Uskoti imekataza wanyama pori kwenye sarakasi zinazosafiri. Alinunua tiketi nne.

Tangu jana hatusemi kitu. Mtu wa chini anasimama na kipeperushi, wa kati anapanda, fundi anapima wapita njia kwa futi na kuwaambia "bado". Watu wanasimama wenyewe.

Saa saba kamili mchana mzinga hulia kutoka kwenye ngome. Hufyatuliwa kila siku isipokuwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi, tangu 1861, na sisi hatukujua. Leo dada alikuwa amesimama juu, piramidi kamili ya watatu, maana barabarani hakuna dari. Mzinga ukalia. Wote watatu walishtuka kwa wakati mmoja, upande mmoja, na kwa sababu hiyo hawakuanguka. Umati ukapiga makofi ukidhani ni sehemu ya onyesho. Mtu wa chini alishika magoti yake dakika tano nzima baadaye. Kuanzia kesho, saa saba kila mtu ana miguu chini.

9 Agosti

Jana tulicheza mchana, usiku tukaenda kutazama wengine. Pasi ya msanii inakuingiza bure kwenye baadhi ya maonyesho yakibaki na viti.

Kwanza mchekeshaji mmoja kwenye chumba cha chini cha baa. Kiingilio bure, unatoa ukitoka, kwenye ndoo. Utaratibu huo ulianzishwa hapa mwaka 1996 na Peter Buckley Hill, na umewapa nafasi wengi wasioweza kulipia ukumbi. Tulikuwa watu 14. Yule mchekeshaji hakujifanya kwamba tuko 100. Alimwuliza kila mtu jina, na kufikia mwisho vichekesho vyake vilikuwa vinatuhusu sisi. Mchekeshaji wetu, ambaye Kiingereza chake ni cha kuombea maji, alicheka pale pale walipocheka wengine. Njiani akaniambia, "Nilikuwa naangalia mabega yake. Anayashusha kabla ya neno la mwisho."

Kisha igizo la mtu mmoja na meza, watu arobaini chumbani. Sikuelewa yote.

Kisha hema la Meadows. Hapo vijana wangu hawakuzungumza saa nzima. Kilichowashika hakikuwa urefu, maana wao wenyewe wanafika juu. Kilikuwa ukimya wa kutua. Wale wanatua kama paka, sisi tunatua kama mifuko ya mahindi. Leo asubuhi kabla ya vipeperushi niliwakuta nyuma ya kanisa, wanaruka samasoti moja baada ya nyingine na kusikilizana miguu.

12 Agosti

Siku ya mapumziko. Mama mwenye nyumba alisema kuna ufuko, Portobello, unafika kwa basi. Vijana waliona mchanga wakavua viatu kabla basi halijaondoka.

Wote watano walijifunza sarakasi mchangani, Kigamboni na Coco. Bahari hii ni ya kijivu na maji yanauma, lakini mchanga ni mchanga. Mtu wa kati alichimba shimo dogo la kisigino kama alivyofundishwa akiwa na miaka tisa, akarudi nyuma hatua kumi na mbili, akaja. Nilikaa kwenye ukuta na chupa ya chai nikiwatazama saa mbili. Walikuwa hawafanyi mazoezi. Walikuwa wanacheza. Sikuwa nimewaona hivyo tangu Februari.

15 Agosti

Mambo mawili mabaya.

Shule za Edinburgh zimefunguliwa wiki hii. Sikulijua hilo nilipokubali saa nane mchana. Wiki ya pili ilitupa watoto wengi, wao ndio walioanza kupiga kelele "Bado!" kabla ya fundi. Jana na leo viti vya mbele vitupu. Kikundi kitakachokuja na onyesho la familia: wiki mbili za mwanzo ndizo zenu, na baada ya hapo ombeni saa ya jioni au tegemeeni wageni kutoka England, ambao watoto wao bado wako likizo.

La pili, dada ameteguka kifundo cha mguu. Hakuteguka kwenye piramidi; aliteleza kwenye ngazi za mawe akiwa amebeba vipeperushi, mvua inanyesha. Daktari amesema siku nne bila kuruka. Tulikaa usiku kupanga. Mtu wa juu sasa ni kijana wa pete za kurukia, ambaye ana kilo 12 zaidi, na mtu wa chini alisema yeye anabeba, tusimwulize mara mbili. Dada atakaa pembeni na ngoma.

16 Agosti

Watu 38. Kijana alipokaa juu, mapaja ya mtu wa chini yalitetemeka tangu "bado" ya kwanza. Ukumbi ulicheka kuliko siku yoyote. Fundi aliona, akakata "bado" mbili, akawashusha mapema. Ndiyo maana namwamini.

20 Agosti

Mwandishi mmoja ameandika juu yetu. Nyota nne. Alisema dari ndiyo mwigizaji msaidizi bora aliyemwona mwaka huu. Alilalamika kwamba robo ya kwanza inasuasua, na ana haki: pengo la limbo ya moto hatukuliziba vizuri, mwanzi mkavu hauna hatari. Tumefupisha dakika tatu.

Dada amerudi juu jana.

Tumebandika nyota kwenye vipeperushi kwa mkono, karatasi 600, mezani kwa mama, watoto wake wakisaidia.

24 Agosti

Mwisho. Jumamosi, viti 90, watu 90.

Nitaandika kitu kimoja tu. Dada aligonga boriti, akasema hodi, na fundi akavuta pumzi zake tatu. Katika zile pumzi tatu hakuna mtu aliyepiga kelele. Watu 90 waliosikia "bado" kwa dakika arobaini walinyamaza wote kwa pamoja wakimwachia aseme mwenyewe. Nilikuwa nyuma ya pazia nimeshika mwanzi. Nilisikia miguu ya mtu wa chini ikikanyaga mbao, kidogo kidogo, kutafuta mahali.

Baadaye dakika 15, na mchekeshaji anayetufuata akaingia na kipaza sauti chake kama kila siku. Alitusaidia kubeba magodoro.

7 Oktoba, Temeke

Hesabu. Maonyesho 21, viti 1,890. Tiketi zilizolipiwa 874, za bure 131. Wastani wa bei pauni 9. Baada ya kodi, na ukumbi kuchukua fungu lake, tumepata pauni 3,900 na kidogo, na zimeingia wiki hii tu, zaidi ya mwezi tangu turudi. Nauli za ndege peke yake zilizidi hapo. Tofauti imefidiwa na akiba ya harusi na hoteli za mwaka mzima, na limebaki deni la shilingi milioni 4 ambalo tumeshaanza kulipa. Atakayekwenda akitegemea tiketi zirudishe nauli, asiende bado. Sisi tulikwenda tukijua, na kuna maombi mawili ya kucheza mwakani, moja la tamasha la watoto, yote yakiwa na nauli na malazi. Nimeyapeleka kwa mwanasheria kwanza.

Magodoro mapya mawili yamenunuliwa. Mazoezi ya kutua kimya yamekuwa ya kila siku, na mwalimu hukaa amefumba macho akihesabu anaowasikia.

23 Novemba

Leo tumeucheza mradi nyumbani, uwanjani kwetu, bure. Watoto walikaa hadi kwenye ukuta wa jirani.

Hatukuwa na dari, kwa hiyo tulirudisha kamba ile ile, mwembe hadi nguzo ya goli. Dada akakaa juu, akagonga hewa, "Hodi!" Fundi akachomoa futi, akapima goti, akapima kivuli, akavuta pumzi. Kabla hajafungua mdomo uwanja mzima ukamjibia: "Njoo kesho!"

Alisahau mstari wake. Alisimama pale na futi limemwagika hadi miguuni, anawatazama, na mtu wa chini akaanza kucheka huku amebeba watu wawili, jambo ambalo liko ukurasa wa nne wa tathmini ya hatari. Mwalimu akaashiria kamba ikatwe.

Kamba ikaanguka. Dada akapanda polepole, mguu wa kwanza, mguu wa pili, akasimama wima, mita 4 na nusu, kichwa kimeingia kwenye majani ya mwembe. Akanyoosha mkono, akachuma embe, akamtupia fundi.

Fundi akalidaka. Akalipima kwa futi, urefu na mzunguko. Akaling'ata, sura ikamkunjamana.

"Bado," akasema.